Shangingi au haibridi? Hesabu ya kufanya kabla ya kulipia gari

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kwa Tanzania Bara. Kenya, EPRA hutangaza za kwao tarehe 14. Uganda haina bei kikomo, kila muuzaji hupanga yake. Bei ikipanda, mazungumzo ya vijiweni na ya yadi za magari hugeuka mara moja: kila mtu anaulizia Aqua, Prius na Note. Ikishuka miezi michache mfululizo, Prado inarudi midomoni. Tuliliona hilo Agosti 2022, lita ya petroli ilipofika shilingi 3,410 jijini Dar es Salaam, tena wakati serikali ilikwisha kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Wakenya waliliona Oktoba 2023, lita ilipouzwa shilingi 217.36 za kwao jijini Nairobi.

Makala hii ni ya mtu anayejikusanya kununua gari, hasa lililotumika Japani, na amesimama njia panda kati ya gari kubwa la kupendeza na haibridi linalosifiwa kwa kunusa mafuta. Niseme mapema ninachoamini: bei ya mafuta ya mwezi huu ni kigezo kibaya cha kuchagulia gari. Gari utakaa nalo miaka saba, pengine kumi, na bei hiyo itapanda na kushuka mara nyingi. Vigezo vya kweli ni kilomita unazotembea, barabara unazopita na fundi atakayeligusa.

Wamarekani walishalipia somo hili. Julai 2008 wastani wa bei ya galoni ya petroli nchini mwao, yaani karibu lita 3.8, ulifika dola 4.11, rekodi ya wakati huo. Mwezi mmoja kabla, General Motors ilikuwa imetangaza kufunga viwanda vinne vya pikapu na magari makubwa, na kwamba inafikiria upya hatima ya Hummer, ambayo kweli ilikoma mwaka 2010. Prius ikawa ya kugombewa. Kabla mwaka 2008 haujaisha, galoni ikaporomoka chini ya dola 2, na wanunuzi wakaanza kurudi walikotoka. Miaka kumi baadaye, Aprili 2018, Ford ilitangaza kuachana na karibu magari yake yote ya saluni Amerika Kaskazini ili ishughulike na pikapu na SUV. Sasa mfikirie aliyeuza gari lake kubwa Julai ile kwa bei ya kutupa, akanunua dogo kwa bei ya kugombania. Alipata hasara ya mlango wa kutokea na ya mlango wa kuingilia.

Shilingi kwa kilomita

Sahau lita kwa muda. Swali la kujiuliza ni hili: kilomita moja ya gari hili inanigharimu shilingi ngapi? Chukua bei ya lita, gawa kwa kilomita ambazo gari linatembea kwa lita hiyo.

Tuchukulie lita ni shilingi 3,000, ili hesabu iwe nyepesi, na kwamba wewe ni mtu wa mjini unayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Prado ya petroli ya cc 2,700, kwenye foleni za mjini, tuipe kilomita 8 kwa lita. Kila kilomita ni shilingi 375, na mwaka mzima ni shilingi 5,625,000. Aqua tuipe kilomita 20 kwa lita: shilingi 150 kwa kilomita, shilingi 2,250,000 kwa mwaka. Tofauti ni shilingi 3,375,000 kila mwaka, na hapa wengi hufunga daftari na kumpigia dalali.

Usifunge bado. Weka Vitz ya kawaida isiyo haibridi katikati, na uipe kilomita 14 kwa lita. Inakula kama shilingi 3,214,000 kwa mwaka. Kutoka Prado hadi Vitz umeokoa zaidi ya milioni 2.4; kutoka Vitz hadi Aqua umeokoa kama shilingi 964,000 tu. Sehemu kubwa ya akiba haikutoka kwenye betri wala kwenye mota. Imetoka kwenye udogo wa gari. Prado ina uzito wa tani mbili na ushei, Aqua ni kama tani moja. Kila taa ya barabarani ikiruhusu, injini inaanza upya kusukuma uzito huo, na anayelipa ni wewe. Kwa hiyo kama fedha yako haifiki kwenye haibridi, usione kwamba umekosa kila kitu. IST au Vitz iliyotunzwa vizuri tayari imekupa zaidi ya theluthi mbili ya akiba.

Akiba hiyo hiyo ndiyo inayokuambia muda wa kurudisha fedha. Kama Aqua unayoitaka ni ghali kuliko Vitz ya umri uleule kwa shilingi milioni 4, gawa kwa 964,000: utahitaji zaidi ya miaka minne kabla haibridi haijaanza kukulipa. Anayetembea kilomita 6,000 kwa mwaka, wa nyumbani, kanisani au msikitini na sokoni, atasubiri zaidi ya miaka kumi. Dereva wa teksi za mtandaoni anayefikisha kilomita 40,000 atarudisha fedha yake ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Ndiyo maana ushauri wa jirani yako kuhusu haibridi unaweza kuwa wa kweli kabisa kwake na wa hasara kwako.

Kuna jambo jingine ambalo namba za kilomita kwa lita huficha. Gari likitoka kilomita 6 kwa lita hadi 9, na jingine likitoka 15 hadi 20, wengi wataona la pili limepiga hatua kubwa zaidi. Piga hesabu ya kilomita 10,000. La kwanza limetoka lita 1,667 hadi 1,111, akiba ya lita 556. La pili limetoka lita 667 hadi 500, akiba ya lita 167. Maana yake kwa mnunuzi ni kubwa: teknolojia ya haibridi huokoa fedha nyingi zaidi inapowekwa kwenye gari zito kuliko kwenye kigari. Familia ya watu saba ambayo kweli haitoshei kwenye Aqua haina sababu ya kujilazimisha. Itafute gari kubwa la haibridi, la aina ya Estima au Vellfire kulingana na idadi ya viti, na hapo ndipo tofauti ya mafuta itaonekana kwa macho.

Tahadhari ndogo kuhusu namba za matangazo. Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa Japani kuwa inatembea kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha JC08. Hicho ni kipimo cha maabara. Ukiona tangazo la muuzaji limeandika namba ya namna hiyo, huenda hakudanganyi, ila hutaifikia ukiwa Mbagala saa kumi na moja jioni na kiyoyozi kikinguruma. Pima mwenyewe: jaza fulu tanki, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tembea wiki moja, jaza tena fulu tanki kwenye pampu ileile, kisha gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Rudia mara mbili tatu. Gari ulilonalo sasa ndilo la kuanzia, maana bila kujua linakula kiasi gani huwezi kujua jipya litakuokolea nini.

Haibridi inaokoa wapi, na wapi haiokoi

Haibridi ya kawaida haichomekwi kwenye umeme. Ina injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa yenye umeme wa nguvu. Unapopunguza mwendo, mota hugeuka jenereta na kuurudisha kwenye betri umeme ambao gari la kawaida lingeupoteza kama joto la breki. Ukisimama kwenye foleni, injini huzimika yenyewe. Ukianza kuondoka taratibu, mota ndiyo inayosukuma, na injini huwaka baadaye inapohitajika. Nissan Note e-Power, iliyotoka Novemba 2016, inakwenda mbali zaidi: injini yake ndogo ya cc 1,200 kazi yake ni kufua umeme tu, magurudumu huzungushwa na mota.

Ukishaelewa hivyo, ramani ya akiba inajichora. Foleni ya Ubungo hadi Kimara, Thika Road asubuhi, au katikati ya Kampala: hapo haibridi iko nyumbani. Barabara kuu ya Dodoma hadi Singida, mwendo mmoja saa tatu mfululizo bila kugusa breki: hapo betri haina cha kuokota, na gari dogo la kawaida linaikaribia sana haibridi. Kwa mtu wa safari ndefu za mikoani, gari la dizeli bado lina hoja yake, mradi anajua anakojaza, kwa sababu pua za injini za dizeli za kisasa hazivumilii mafuta yaliyochakachuliwa.

Na barabara mbovu? Hapa ndipo shangingi linapojitetea, na kwa haki. Prado ina zaidi ya milimita 200 kutoka ardhini hadi tumboni, Aqua ina 140. Anayekwenda shamba Kilombero wakati wa masika, au mradi wake uko ndani ya Ngorongoro, asishawishiwe na mtu wa Sinza. Lakini nimewaona wengi wanaolipia uwezo huo mwaka mzima kwa ajili ya safari moja ya Desemba kwenda kijijini, ilhali siku nyingine zote gari linazunguka kwenye lami. Kukodi gari kubwa kwa wiki hiyo moja ni nafuu kuliko kulilisha miezi kumi na miwili. Najua heshima haikodishwi, na kwenye harusi shangingi huegeshwa mbele. Kama unanunua heshima, nunua kwa kujua unachonunua, na hesabu ya juu ikuambie inauzwa bei gani kwa mwaka.

Uwe mwangalifu pia na Harrier haibridi inayouzwa kwa jina la foo-wili. Magurudumu yake ya nyuma huzungushwa na mota ndogo ya umeme, hakuna shafti inayotoka kwenye injini. Itakutoa kwenye utelezi wa kawaida wa mtaani. Mchanga mzito au tope la magotini si kazi yake. Na haibridi yoyote usiivushe kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani kwa kujipa moyo kwamba mwenzako amepita: kwenye Aqua betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, karibu kabisa na sakafu.

Betri, hofu ya kila mnunuzi

Swali la kwanza la kila mtu ni betri ikifa itakuwaje. Hofu hiyo ina msingi, ingawa mara nyingi huelekezwa pasipo. Betri za haibridi nyingi za Toyota ni za nikeli, zilizoundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa: Prius ina vipande 28, Aqua 20. Hazifi siku moja kama balbu. Kipande kimoja kinachoka, kinavuta wenzake, na gari linaanza kutoa dalili muda mrefu kabla taa ya pembetatu nyekundu haijawaka.

Dalili hizo unaweza kuziona mwenyewe siku ya kujaribu gari. Tazama mchoro wa chaji kwenye dashibodi: ukijaa haraka na kukauka haraka, bila utaratibu, betri imechoka. Sikiliza feni iliyo pembeni ya kiti cha nyuma. Ikinguruma kwa nguvu wakati wote, betri inapata joto. Injini ikiwa haitaki kuzimika hata ukiwa umesimama na imeshapata moto, kuna jambo. Panda nalo mlima, usizunguke uwanja wa yadi tu. Kisha umlipe fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari akupimie volti za kila kundi la vipande. Makundi yakitofautiana sana, ondoka. Akikuta kumbukumbu ya msimbo P0A80, gari lenyewe limekwisha kusema kwamba betri inahitaji kubadilishwa, hata kama muuzaji amefuta taa.

Ukiambiwa betri imetengenezwa, uliza imetengenezwaje. Kubadilisha vipande viwili vitatu vilivyokufa na kuviacha vizee vingine vyote ni matengenezo ya kuuzia gari. Vipya na vizee havichaji sawasawa, na baada ya miezi kadhaa unarudi gereji palepale. Betri nzima yenye dhamana ya maandishi ndiyo ya kujadili bei.

Utunzaji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na adui mkubwa kwetu ni vumbi. Feni ile inavuta hewa ya ndani ya gari ili ipooze betri. Ikiziba kwa vumbi la Dodoma na nyuzi za mazulia, betri inachemka na maisha yake yanafupishwa. Isafishwe kila unapofanya sevisi kubwa, na usirundike mizigo au nguo mbele ya matundu yake. Usiegeshe gari juani siku nzima vioo vikiwa vimefungwa kama kuna kivuli. Na gari likigoma kabisa kuwaka, usikimbilie kulia: mara nyingi iliyokufa ni betri ndogo ya volti 12, ambayo bei yake ni ya kawaida.

Prius za kizazi cha tatu, zilizoanza mwaka 2009, zina ugonjwa mwingine ambao hauhusiani na betri. Njia inayorudisha moshi kwenye injini huziba masizi, na magari mengi ya kizazi hicho yamekufa gasketi ya silinda hedi. Injini ikitetemeka sana asubuhi inapowaka, au maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja, hiyo ndiyo dalili. Ukinunua, safisha njia hiyo mapema, usingoje.

Nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti zinabeba umeme unaoweza kuua. Fundi asiyejua kuchomoa plagi ya usalama na asiye na glovu za umeme asiguse, hata kama amekutengenezea Corolla miaka yote. Kwa sababu hiyo namshauri anayeishi mbali na mji mkubwa: kabla ya kununua haibridi, tafuta kwanza fundi wake. Ukikosa fundi ndani ya mwendo wa nusu siku, chukua gari la kawaida. Hii ni hoja moja ambayo Prado inashinda bila ubishi, kwa kuwa fundi wake na vipuri vyake viko karibu kila wilaya.

Kodi, bima na gharama zilizojificha

Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka na kuihamishia kwenye mafuta kupitia ushuru wa bidhaa. Tangu hapo mwenye gari linalobugia mafuta analipa zaidi kila anapojaza, wakati mwenye gari linalonusa analipa kidogo. Juu ya hapo kuna tozo ya barabara iliyomo ndani ya kila lita. Sehemu kubwa ya bei unayoiona kwenye pampu ni kodi na tozo za namna hiyo, kwa hiyo hata mafuta ghafi yakishuka sokoni duniani, bei ya sheli haishuki kwa kiasi kilekile.

Kwenye uagizaji, angalia ukubwa wa injini na umri. Ushuru wa bidhaa Tanzania hupanda injini ikivuka cc 1,000, na hupanda tena ikivuka cc 2,000. Hapo kuna mtego: Harrier ya petroli ya mwaka 2014 ina injini ya cc 1,986, lakini haibridi yake ina cc 2,493. Ya kubana mafuta inaangukia kundi la juu la ushuru. Gari lililopita miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, na lililopita kumi huongezewa zaidi. Kenya haipokei kabisa gari lililopita miaka minane.

Bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, hivyo gari la bei mbaya linakutoza bei mbaya kila mwaka. Matairi ya inchi 17 ya Prado nayo si ya inchi 15. Kwa upande wa pili, Prado ukija kuiuza utaipatia fedha nzuri, na haibridi yenye betri iliyochoka wanunuzi wataikimbia. Ingiza yote haya kwenye karatasi moja na gharama ya mafuta, usiyaache kichwani.

Dar es Salaam ina njia ya tatu, gari la petroli lililofungwa mtungi wa gesi asilia. Akiba yake ni kubwa kwa anayetembea sana. Gharama yake ni nafasi ya buti inayoliwa na mtungi, na muda wa kupanga foleni kwenye vituo ambavyo bado ni vichache. Nje ya maeneo yenye vituo, unarudi kwenye petroli kama kawaida.

Kama ningelazimika kutoa hukumu kwa mnunuzi wa kawaida wa mjini, mwenye watoto wawili na kilomita 15,000 kwa mwaka, ningesema hivi: gari dogo kwanza, haibridi pili, na haibridi iwe tu ile iliyopimwa betri. Mwenye shamba, mlima au mradi wa porini achukue shangingi lake la dizeli asitetereke. Na yeyote kati yao, kabla ya kumtumia wakala hata shilingi moja, aingie kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, aandike mwaka na aina ya gari analolitaka, asome kodi yake, kisha arudie kwa gari lililotengenezwa mwaka mmoja baadaye. Mara nyingi tofauti ya kodi kati ya miaka hiyo miwili inatosha kununua mafuta ya miezi kadhaa.